Kutanuka kwa Vitu na Ununuzi wa Kompyuta Iliyotumika

Mnunuzi wa kompyuta mpakato iliyokwisha kutumika hukagua kioo na betri, lakini ni nadra aulizie chipu ya picha. Mwezi Julai 2008 kampuni ya Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu za aina hiyo zilizoharibika kutokana na udhaifu wa malighafi za kuziundia. Mwezi Februari 2015 Apple ilianzisha mpango wa kutengeneza bure baadhi ya MacBook Pro zilizouzwa kati ya 2011 na 2013, ambazo picha zake zilivurugika au mashine zikajizima na kujiwasha zenyewe. Mpango huo umekwisha, na anayezinunua leo hubeba hasara peke yake.

Chipu ni kipande cha silikoni kilichoshikizwa juu ya kibao kwa vinundu vidogo vya lehemu. Kwa kila nyuzi moja ya Sentigredi, silikoni hutanuka sehemu 3 hivi katika milioni; kibao hutanuka sehemu 16 hivi. Joto likipanda kwa nyuzi 50, kinundu kilicho milimita 8 kutoka katikati ya chipu huvutwa kwa:

8 × 50 × 13 ÷ 1,000,000 = milimita 0.0052

Umbali huo ni mdogo, lakini kinundu chenyewe kina upana wa milimita 0.1 tu, au pungufu. Gundi hujazwa kati ya vinundu ili igawane mzigo. Ikilainika mno kwa joto, lehemu huubeba yenyewe. Kila kuwasha na kuzima huirudia kazi hiyo, hata lehemu ikachoka na kupasuka, mithili ya waya unaokunjwa na kukunjuliwa.

Kwa hiyo fundi anayeipasha chipu moto mpaka mashine ikaamka hajaiponya. Mara nyingi amezigusanisha tu nyufa kwa muda. Mnunuzi na aicheze filamu kwa nusu saa, aiache ipoe, kisha aiwashe tena. Mistari ikitokea kiooni, asiinunue. Isipotokea bado hajui uchovu uliokwisha kulimbikizana.

Hapo hesabu ya uwezekano husaidia. Tuseme mashine yenye chipu hiyo ni shilingi 300,000, bodi mpya ni 250,000, na uwezekano wa kuharibika ni nusu. Gharama ya kutazamiwa ni 425,000. Mashine ya 400,000 ambayo picha zake hushughulikiwa ndani ya prosesa, kama MacBook Pro ya inchi 13 ya mwaka 2011, ni rahisi zaidi, ingawa haifai sana kwa michezo.

Zoezi: Feni ilisafishwa, badiliko la joto likashuka kutoka nyuzi 50 hadi 35. Tafuta mvuto mpya wa kinundu kile kile, kisha eleza kwa nini jibu hilo halitoshi kukadiria umri uliobaki wa mashine.