Wayahudi Wakulima wa Mbale: Kwao ni Wapi?



Somo letu la leo linakwenda mbali kidogo, mpaka Uganda. Lakini lilianzia hapa hapa Chukwani. Jioni moja, baada ya darasa la kisomo, tulikaa barazani. Ndege ilipita juu ya minazi ikishuka kiwanjani. Kijana mmoja akamwuliza mzee wetu:

"Babu, ati Uganda kuna Mayahudi? Watu weusi kama sisi, wanalima kahawa?"

Mzee akacheka. "Myahudi gani huyo, mjukuu wangu, anayelima migomba? Kwao Mayahudi ni Baitul-Mukaddas."

"Na wewe, babu, kwenu wapi? Si umetwambia babu yako alitoka Ngazija?"

Mzee akanyamaza kidogo. "Kwetu Chukwani," akasema. "Lakini Ngazija siisahau."

Sote tukacheka, na mzee mwenyewe akacheka. Lakini swali lilibaki. Mtu anakuwa nani? Ni damu yake? Ni dini yake? Ni mahali alipozaliwa, au ni pale anapopakumbuka? Na nani mwenye haki ya kumwambia, "Wewe si mwenzetu"?

Tumetafuta habari za hao Wayahudi wa Uganda, na tunazileta kwenu. Somo hili si la vita vya Mashariki ya Kati, wala si la serikali za huko. Ni habari za wakulima wenzetu.

Mtu mmoja alijua kusoma

Watu hawa huitwa Abayudaya. Ni neno la Kiluganda, maana yake ni Wayahudi. Wanakaa mashariki ya Uganda, wengi wao karibu na mji wa Mbale, chini ya Mlima Elgon. Wanakadiriwa kuwa kama 2,000 hivi. Wanalima kahawa, ndizi, mahindi na maharage.

Wazee wao hawakutoka Jerusalem. Walikuwa ni watu wa hapo hapo. Basi Uyahudi wao ulitoka wapi? Ulitoka katika kusoma.

Palikuwa na askari mkubwa wa Buganda, jina lake Semei Kakungulu. Katika miaka ya 1880 wamisionari wa Kiprotestanti walimfundisha kusoma. Hakuwa mtoto tena. Alikuwa mtu mzima, kama wengi wetu tulioanza kushika kalamu ukubwani. Baadaye aliwapigania Waingereza, akawatwalia nchi za mashariki. Alitumaini watamfanya mfalme wa huko. Waingereza walimpa cheo, kisha wakampunguzia madaraka kidogo kidogo. Kakungulu akaona ametumiwa.

Akarudi kwenye kitabu. Aliacha kanisa la wamisionari, akaingia kundi la Wamalaki, ambao walikataa dawa za hospitali. Lakini aliendelea kusoma mwenyewe, hasa Taurati ya Nabii Musa. Mle akasoma kwamba wanaume watahiriwe na kwamba siku ya saba ni ya kupumzika. Akauliza: kama imeandikwa, kwa nini hatufanyi?

Inasimuliwa kuwa wenzake walimwonya kwamba kutahiri ni jambo la Wayahudi. Akawajibu kuwa ikiwa ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Mwaka 1919 alitahiriwa yeye na watoto wake wa kiume. Mwaka 1920 Myahudi mgeni aliyeitwa Yosef alikaa nao kwa miezi kadhaa. Akawafundisha kalenda ya Kiyahudi, sikukuu, na namna ya kuchinja. Mwaka 1922 Kakungulu alitoa kitabu cha mafundisho kwa Kiluganda, ili watu wake nao wasome wenyewe.

Kakungulu alifariki mwaka 1928. Wako waliorudi katika dini nyingine, na wako waliobaki. Kitabu kilikuwa kimekwisha kusomwa.

Wanaishi vipi?

Kwa Wayahudi siku huanza jua linapotua. Sisi wa pwani jambo hili halitushangazi. Nasi tukisema "usiku wa kuamkia Ijumaa" tunajua ni Alhamisi jua lilipokwisha kuzama. Basi Sabato yao huingia Ijumaa magharibi, hutoka Jumamosi usiku. Katika muda huo hawalimi, hawauzi, wala hawawashi moto. Chakula cha Sabato hupikwa Ijumaa mchana.

Hawali nguruwe. Hawachanganyi nyama na maziwa. Mnyama huchinjwa kwa kisu kikali na kwa dua. Mtoto wa kiume hutahiriwa akiwa na siku nane. Nyumba yao ya sala huitwa sinagogi.

Nyimbo zao ndizo zinazoshangaza wageni. Wanaimba Zaburi kwa Kiluganda na kwa lugha nyingine za kwao, na sala za Kiebrania wanazitia katika sauti za Kiafrika. Hapo utasikia ngoma, gitaa, na sauti nyingi zinazopokezana. Mwaka 2003 nyimbo hizo zilitolewa Marekani katika santuri, nayo ikateuliwa kushindania tuzo kubwa ya muziki inayoitwa Grammy.

Hapa tujifunze jambo. Watu hawa hawakusema: "Sasa sisi ni Wayahudi, basi tuache lugha yetu na ngoma yetu." Dini yao wameivalisha nguo za kwao. Je, sisi si ndivyo? Sala zetu ni za Kiarabu, lakini maulidi yetu ya ndani yana midundo, na kasida zetu nyingi ni za Kiswahili. Hatukuona aibu.

Miaka ya kujificha

Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali ya Uganda. Mwaka 1972 alivunja urafiki na Israel. Katika utawala wake dini ya Kiyahudi ilipigwa marufuku, na masinagogi yakafungwa. Wakulima hawa hawakuwa na jeshi wala ubalozi. Wengi hawajapata kuiona Israel hata siku moja. Lakini jina tu "Myahudi" lilitosha kumtia mtu hatarini.

Hebu fikiri, ndugu msomaji. Ungefanya nini? Una watoto, una shamba. Wengi waliingia Ukristo au Uislamu ili wasalimike. Tusiwalaumu, maana mwenye watoto ana mengi ya kuogopa. Wachache walisali ndani ya nyumba, kwa sauti ndogo, milango imefungwa. Walikuwa kama 3,000. Amin alipoondoka walibaki kama 300 tu.

Mwisho wa Amin tunaujua, maana vijana wetu wa JWTZ walikuwamo. Pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliingia Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Jioni ile ile iliingia Pasaka ya Kiyahudi, sikukuu ya kukumbuka Nabii Musa alivyowatoa Wana wa Israeli katika utumwa wa Firauni. Abayudaya hawakuisahau siku hiyo.

Katika miaka ya 1980 vijana wao walikusanyika katika kilima cha Nabugoye, karibu na Mbale. Walikaa pamoja, wakalima pamoja, wakajifunza sala kwa wazee waliobaki. Chuo cha dini hawakuwa nacho. Walikuwa na wazee, vitabu vichache, na nia.

Nchi yao ni ipi?

Zamani sana Wayahudi walitolewa katika nchi yao, wakatawanyika duniani. Kila walipokaa walisali kuelekea Jerusalem. Huko Ulaya waliteswa mara nyingi, na wengine wakaanza kutafuta nchi ya kukaa.

Wengi hawajui kuwa nchi hiyo nusura iwe hapa kwetu Afrika Mashariki. Mwaka 1903 Waingereza walisema watawapa Wayahudi wa Ulaya ardhi. Watu waliuita mpango wa Uganda, lakini ardhi yenyewe ni nyanda za Uasin Gishu, upande wa Eldoret, ambako leo ni Kenya. Jambo hilo lilijadiliwa katika mkutano wa Basel, Uswisi. Wajumbe watatu wakatumwa kuja kutazama. Mwaka 1905 mkutano ukaukataa mpango huo. Wenyeji wa nyanda zile hakuna aliyewauliza. Mgeni alitaka kumpa mgeni mwenzake shamba la mtu wa tatu! Nchi ya Israel ilianzishwa baadaye, mwaka 1948.

Basi angalieni mambo ya dunia. Wayahudi wa Ulaya walioahidiwa Afrika Mashariki hawakuja. Waafrika ambao hakuna aliyewaahidi kitu wakawa Wayahudi wenyewe.

Lakini je, wenzao wamewakubali? Hapo ndipo penye uchungu. Mwaka 2002 marabi, yaani masheikh wa Kiyahudi, walikuja Mbale kutoka Marekani na Israel. Wakawapitisha mamia ya watu katika kanuni za kuingia dini. Jiulize: umeishika dini tangu babu yako, umeificha mbele ya Amin, halafu unaambiwa uingie upya kama mgeni. Wengi walikubali, ili mlango ufunguke. Wengine walitaka kanuni za madhehebu yaliyo makali zaidi. Mwaka 2016 shirika kubwa la Kiyahudi linaloshughulikia wanaohamia Israel liliwatambua. Lakini mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israel ilikataa ombi la mmoja wao la kuhamia huko kama Myahudi. Wenzake wengi duniani humwita ndugu. Ofisi moja ikamwambia sivyo.

Hata hivyo wengi wao hawafungi mizigo. Kiongozi wao, Gershom Sizomu, alisomea dini Marekani, akawa rabi mwaka 2008. Angeweza kubaki huko. Alirudi Mbale, na mwaka 2016 wananchi wa Bungokho Kaskazini wakamchagua kuwa mbunge wao. Wapiga kura wengi wa huko ni Wakristo na Waislamu. Hawakumwuliza Jerusalem iko wapi. Walimjua kuwa ni mtoto wa pale.

Uso wao huelekea Jerusalem wakati wa sala. Miguu yao imo katika udongo wa Elgon. Mambo haya mawili hayagombani, kama Ngazija na Chukwani zisivyogombana moyoni mwa mzee wetu.

Kahawa ya amani

Tumalize kwa habari ya ushirika, maana sisi ni wakulima. Mwaka 2001 mkulima mmoja wa Abayudaya, J.J. Keki, alikuwa New York siku ya tarehe 11 Septemba, majengo marefu mawili yalipobomolewa kwa ndege. Aliona kwa macho yake chuki inavyoua. Aliporudi kwao alikwenda kwa majirani nyumba hadi nyumba, Waislamu, Wakristo na Wayahudi. Akawaambia wauze kahawa yao pamoja.

Mwaka 2004 walianzisha chama cha ushirika. Kahawa yao waliiita Mirembe Kawomera, maana yake kwa Kiluganda ni amani tamu. Mnunuzi wa Marekani akainunua kwa bei nzuri kuliko ya walanguzi. Mamia ya wakulima wakajiunga. Mkulima akipata bei nzuri, mtoto anakwenda skuli. Na katika skuli zao, ile ya msingi na ile ya sekondari yenye jina la Semei Kakungulu, watoto wa dini zote tatu hukaa dawati moja.

Hapo tunajifunza kuwa kujijua hakuna haja ya kumchukia jirani. Keki hakuacha Sabato yake ili auze kahawa na Mwislamu. Na yule Mwislamu hakuacha Ijumaa yake.

Tulivyomalizia barazani

Tulipomsomea mzee habari hizi, alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Basi mjukuu wangu, ni Mayahudi. Aliyeficha dini yake mbele ya Amin asife, na asiiache, sisi ni nani wa kumwambia si yake?"

Kijana akauliza: "Na ile ofisi iliyomkataa?"

Mzee akasema: "Ofisi hutoa karatasi. Mtu hulelewa na watu wake."

Sisi tunaongeza neno moja. Kakungulu alisoma kitabu, akauliza swali, na swali lake limeishi zaidi ya miaka 100. Ndugu uliyemaliza kisomo, usisome ili uweke sahihi tu. Soma, uulize. Na waulize wazee wako walitoka wapi, uandike kabla hawajaondoka.

Maneno ya kujifunza

Abayudaya: Wayahudi, kwa Kiluganda.
Rabi: mwalimu na kiongozi wa dini ya Kiyahudi.
Sabato: siku ya saba, ya kupumzika.
Sinagogi: nyumba ya sala ya Wayahudi.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Kakungulu alikuwa Myahudi kwa sababu gani? Je, unakubali kuwa inatosha?
2. Kwa nini Abayudaya walipungua kutoka 3,000 hadi 300?
3. Wazee wa kijiji chako walitoka wapi? Wameacha nini, na wameshika nini: chakula, ngoma, lugha?
4. Kuna mazao gani kwenu ambayo majirani wa dini mbalimbali wanaweza kuyauza pamoja?
5. Andika mistari kumi kwa mkono wako: "Kwetu ni wapi." Msomee mwenzako.