Bei Rahisi Inalipwa na Nani? Somo la Ujira katika Maduka Makubwa



Ndugu zangu wanafunzi, katika darasa la fiqhi tumepita mlango wa ijara, yaani kukodi na kuajiri. Tuliusoma kwa mifano ya vitabuni: mtu anakodi mnyama wa kubeba mizigo, au anamwajiri mwenzake amchimbie kisima. Mifano hiyo ni sahihi na haizeeki. Lakini ndugu zetu wanaotoka hapa Moa kwenda kutafuta maisha Tanga, Dar es Salaam au ng'ambo ya mpaka Mombasa, wengi hawaajiriwi kuchimba visima. Wanaajiriwa madukani, wapange bidhaa, wakae kwenye mashine ya fedha, wabebe magunia, walinde mlango. Basi leo tuuchukue mlango ule ule tuupeleke kwenye maduka makubwa ya kujihudumia, yale yanayojitangaza kwa bei ya chini kuliko duka la mtaani, na tuulize: ile bei iliyopungua, nani ameilipa?

Bei hushukaje

Kwanza tuwe waadilifu. Duka kubwa kuuza rahisi si kosa. Mwenye duka hilo ananunua katoni elfu moja kwa mpigo, anapunguziwa na kiwanda, kisha anaridhika na faida ndogo kwa kila kitu kwa kuwa anauza vingi. Hiyo ni biashara ya halali, na mama mwenye watoto sita anapopata mafuta ya kula kwa bei nafuu, hilo ni jambo la kheri. Asije mtu akasema kuwa makala haya yanawalaumu wafanyabiashara kwa kufanikiwa.

Lakini zipo njia nyingine za kushusha bei ambazo mnunuzi hazioni. Mojawapo ni kuchukua bidhaa kwa mali kauli na kumzungusha mwenye mali miezi na miezi. Nyingine ni kumpunja mfanyakazi: saa za ziada ambazo haziandikwi, makato yasiyo na maelezo, ukibarua wa miaka, mshahara unaochelewa. Hapo punguzo halikutoka mfukoni mwa mwenye duka. Limetoka mfukoni mwa mtu ambaye hakuulizwa kama ameridhia.

Yaliyowapata Uchumi na Nakumatt

Mfano ulio karibu nasi uko kwa jirani zetu wa Kenya. Uchumi ilianzishwa mwaka 1975 na mashirika ya umma ili bidhaa ziwafikie wananchi kwa bei wanayoiweza. Ilikuwa nia njema kabisa. Mwaka 2006 ilifunga milango kwa madeni, ikafufuliwa mwaka huo huo, kisha ikajitanua mpaka Uganda na hapa Tanzania. Oktoba 2015 ikatangaza kufunga matawi yake yote ya Uganda na Tanzania. Waliokuwa wakifanya kazi humo na waliokuwa wakiwauzia bidhaa wakabaki na madai mkononi.

Nakumatt nayo ilianza kama duka la magodoro mjini Nakuru, na jina lake linatokana na mji huo na magodoro hayo. Ilikua ikafika zaidi ya matawi 60 katika Kenya, Uganda, Rwanda na Tanzania. Wengi wa pwani wanalikumbuka tawi la Nyali, Mombasa. Mwaka 2014 ilichukua maduka ya Shoprite ya Dar es Salaam na Arusha. Ilipofika mwaka 2017 rafu zilikuwa tupu, maana wauzaji walichoka kupeleka mali isiyolipwa, na mishahara ya wafanyakazi ikawa inachelewa. Januari 2018 mahakama iliiweka chini ya msimamizi, na Januari 2020 wadai wakapiga kura ivunjwe. Madeni yalikuwa makumi ya mabilioni ya shilingi za Kenya. Mwaka huo huo wa 2020 Tuskys nayo ikaanza kuyumba kwa ugonjwa huo huo.

Tuuelewe ugonjwa wenyewe, maana ndio kiini cha somo. Duka kubwa huuza kwa fedha taslimu leo, lakini humlipa mwenye bidhaa baada ya siku 60 au 90. Katikati hapo linakaa na fedha nyingi zisizo zake. Mwenye busara huziweka amana mpaka siku ya kulipa. Mwenye pupa hufungua kwazo tawi jipya, kisha hulipa deni la tawi la zamani kwa mauzo ya hilo jipya, na hivyo hivyo. Siku mauzo yakipungua kidogo tu, mnyororo wote unakatika. Wa kwanza kuumia ni mfanyakazi, kwa sababu yeye hana nguvu ya kuzuia mzigo wake kama mwenye kiwanda cha sukari.

Hapa kuna masala ya fiqhi yanayofaa kuzingatiwa. Tumesoma katika mlango wa muflisi kwamba aliyeuza kitu kwa deni, akakikuta kitu chake kile kile kwa muflisi hakijabadilika, ana haki ya kukichukua. Mwenye katoni za sabuni anaweza kuzikuta stoo. Mfanyakazi je? Kazi yake ya mwezi uliopita ataikuta wapi? Manufaa yamekwisha kutumika, hayarudi. Ndiyo maana ujira umetiliwa mkazo wa kulipwa haraka kuliko madeni mengi. Sheria ya ufilisi ya Kenya ya mwaka 2015 nayo imewatanguliza wafanyakazi kwa mishahara ya miezi minne ya mwisho, kwa kiwango chenye kikomo, mbele ya wadai wa kawaida. Hata hivyo benki yenye dhamana ya jengo au mali maalumu hushika kwanza dhamana yake, na mara nyingi kinachobaki ni makombo.

Mtu wa pangoni

Mnakijua kisa cha watu watatu waliofungiwa pangoni na jiwe, kilichopokewa katika Bukhari na Muslim. Wengi hukisimulia kwa ajili ya tawasuli kwa amali njema, na ni sawa. Mimi naomba tumtazame yule wa tatu kama mwajiri. Aliajiri watu, akawalipa wote isipokuwa mmoja aliyeondoka akaacha ujira wake. Mwajiri akauzungusha ule ujira mpaka ukawa mali nyingi ya wanyama. Yule mtu aliporudi baada ya muda kudai haki yake, akaambiwa kuwa vyote anavyoviona ni vyake. Alidhani anafanyiwa mzaha. Akavichukua vyote, hakubakishiwa mwajiri kitu.

Sasa linganisheni. Nakumatt pia ilizungusha fedha za watu, ikazifanya matawi. Tofauti ni kwamba yule wa pangoni aliihesabu faida kuwa ni ya mwenye ujira, na huku faida ilihesabiwa kuwa ni ya mwenye duka, na hasara ikahesabiwa kuwa ni ya mfanyakazi.

Ajiri khaas na saa zisizoandikwa

Maulamaa wamewagawa waajiriwa mafungu mawili. Ajiri mushtarak ni kama fundi cherehani: anapokea kazi za watu wengi, na ujira wake unafuata kazi iliyokamilika. Ajiri khaas ni yule aliyejitoa kwa mtu mmoja kwa muda maalumu. Huyu anastahiki ujira kwa kujiweka tayari katika muda ule, hata kama wateja hawakuja. Keshia, mpanga rafu na mlinzi wa duka wote ni ajiri khaas. Kilichouzwa ni muda wao. Basi muda wowote ambao mwajiri amewashika ni muda wa kulipwa, na kumbakisha mtu saa nzima baada ya kufunga ili ahesabu bidhaa au apekuliwe mkoba, bila malipo, ni kuchukua kitu kisichonunuliwa. (Wakati wa Swala ya faradhi, ndugu zangu, umetolewa katika mkataba tangu mwanzo, si wa kukatwa mshahara.)

Jambo hili si la kwetu peke yetu. Kampuni ya Walmart, iliyoanzishwa na Sam Walton huko Arkansas, Marekani, mwaka 1962, ndiyo mkubwa wa wauzaji rahisi duniani. Desemba 2008 ilikubali kulipa si chini ya dola milioni 352 kumaliza kesi 63, ambazo nyingi zilidai kuwa wafanyakazi walifanyishwa kazi nje ya saa zilizoandikwa au walinyimwa mapumziko. Duka la Game pale Mlimani City liliingia chini ya mkono wake mwaka 2011, Walmart iliponunua hisa nyingi za Massmart ya Afrika Kusini, mpaka Game ilipoondoka nchini.

Na wazee wetu wa Tanga hawakuhitaji kwenda Marekani kulijua hili. Katika mashamba ya mkonge, tangu enzi ya Wajerumani na baadaye Waingereza, kibarua alipewa kipande, kadi yenye nafasi za siku 30. Akimaliza kazi aliyopimiwa, siku yake inatiwa alama. Asipoimaliza, hata kama ameshinda juani tangu alfajiri, haitiwi. Mshahara ulikuja kadi ikijaa. Mtu aliyepangiwa saa za kukaa kama ajiri khaas akilipwa kwa hesabu ya mushtarak, dhulma imekwisha kuingia, iwe shambani au supamaketi.

Kinyume cha hayo ni mkataba wa Nabii Musa na mzee wa Madyan katika Surat Al-Qasas, aya ya 27. Muda ulitajwa kuwa miaka minane, miwili ya ziada ikaachwa kwa hiari ya mfanyakazi, malipo yakajulikana, na mwajiri mwenyewe akatamka kwamba hataki kumtia uzito. Tazameni: ziada ni hiari, na imetajwa kabla ya kazi kuanza.

Shoti ya keshia

Ukiwauliza wanaofanya kazi madukani kinachowauma zaidi, wengi watakutajia shoti. Jioni fedha zikihesabiwa pungufu, keshia anakatwa. Katika fiqhi mkono wa ajiri khaas ni mkono wa amana. Hadhamini kilichopotea ila kwa kuvuka mipaka au kuzembea, na anayedai kuwa amezembea ndiye alete ushahidi.

Inafurahisha kuona Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini Na. 6 ya mwaka 2004 inakaribiana sana na kauli hiyo. Kifungu cha 28 kinaruhusu kukata kufidia hasara pale tu ilipotokea kazini kwa kosa la mfanyakazi, akaelezwa kwa maandishi sababu na hesabu yake, akapewa nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira. Sheria hiyo hiyo imeweka saa 45 kwa wiki, saa ya ziada ilipwe mara moja na nusu, na likizo ya siku 28 kwa mwaka. Kima cha chini katika sekta ya biashara kilikuwa shilingi 115,000 kwa mwezi katika amri ya mwaka 2013, kikawa 150,000 kuanzia Januari 2023, na amri hubadilika, kwa hiyo aulize kila anayeingia kazini.

Aliyeachishwa kazi bila haki ana siku 30 za kupeleka shauri Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Siku hizo wengi huzimaliza wakisubiri "njoo kesho" ya bosi. Vilevile kipo chama cha TUICO kwa wafanyakazi wa viwanda na biashara. Na kila mmoja aweke daftari lake: siku, saa ya kuingia, saa ya kutoka. Deni liandikwe.

Nasi hapa kijijini tusiwanyooshee kidole wakubwa tu. Yule mpwa aliyeletwa "akae dukani asaidie", analala kwenye magunia, anafungua alfajiri na kufunga saa nne usiku, na ujira wake ni chakula na ahadi, huyo naye ni ajiri. Undugu haufuti ujira mpaka mwenyewe, akiwa baleghe na kwa ridhaa yake, aseme kuwa anajitolea.

Masala ya kujadili darasani

Binti ameajiriwa duka kubwa mjini, siku sita kwa wiki, kuanzia saa 2 asubuhi hadi saa 11 jioni, na saa moja ya mapumziko ambayo hailipwi. Kila siku baada ya kufunga wanabakizwa mpaka saa 12 kuhesabu na kupekuliwa. Mwisho wa mwezi amekatwa shilingi 20,000 za shoti, na mashine yake hutumiwa na jamaa ya mwenye duka wakati wa chakula. Mshahara wake ni shilingi 160,000.

Hesabuni saa zake za ziada za wiki moja kwa mujibu wa sheria, kisha mseme: yale makato, ukiacha kwamba hayafiki robo ya mshahara, yanasihi au hayasihi, na kwa hoja gani?