RAMADHANI, SIKU YA 21: Zaka ina wenyewe, wodi ina sadaka yake



Ndugu zangu wa Shinyanga, Kahama na Geita, tumeingia kumi la mwisho. Ndipo wengi tunapopiga hesabu ya zaka, na ndipo bahasha za michango nazo zinapopita. Leo tuzungumzie bahasha moja: ya kujenga wodi ya kibingwa.

Haja yake tunaijua. Aliyeshuka duarani miaka na miaka akivuta vumbi la mawe, kifua humbana angali kijana. Mama akigundulika na saratani, safari ni Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na inayopokea wagonjwa wa Kanda ya Ziwa yote. Daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa Juni 2025 limetuondolea foleni ya kivuko, alhamdulillah. Lakini nauli, chakula na mahali pa kulala anayeuguza bado ni mtihani.

Sasa swali: je, zaka yangu niitie kwenye bahasha ya wodi?

Ndugu yangu, tulia hapo. Zaka ina wenyewe wanane, wametajwa katika Surat At-Tawba aya ya 60. Wanazuoni wengi wanasema lazima imfikie mwenyewe mkononi, kwa hiyo haijengi ukuta. Wapo wa zama hizi waliolipanua fungu la fii sabilillah, muulize shekhe wako. Lililo salama ni hili: mwenye dhahabu au akiba iliyofikia thamani ya gramu 85 za dhahabu na ikapitiwa na mwaka, atoe asilimia 2.5 kwa maskini, akiwemo mgonjwa asiye na pesa ya dawa. Wodi aitolee sadaka.

Tukijenga wodi kwa zaka, tutapata jengo zuri, na nje ya mlango wake atakaa maskini aliyekosa haki yake.

Wala usiidharau sadaka hiyo. Vita vya Khandaq, Saad bin Muadh (r.a.) alichomwa mshale mkononi. Mtume (s.a.w.) akaamuru apigiwe hema ndani ya msikiti, ili awe anamzuru kwa karibu. Vitabu vya sira vinamtaja Bibi Rufaida, aliyekuwa akiuguza majeruhi. Saad alifariki kwa jeraha lile lile. Hema halikumrefushia umri, ila hakuuguzwa mbali, wala hakuachwa peke yake. Hiyo ndiyo wodi.

Na kuchangishana huku kwetu si kugeni. Tangu 2002 mgodi wa Geita umekuwa ukiandaa safari za kupanda Kilimanjaro kuchangisha fedha za kupambana na UKIMWI. Vijiji vingapi vimenyanyua boma la zahanati kwa nguvu zao!

Basi fanya matatu leo:

1. Tenga zaka kwanza, mbali na michango mingine.
2. Ahidi unachoweza kulipa. Elfu mbili iliyofika ni bora kuliko laki iliyobaki kwenye daftari la ahadi.
3. Uliza kwa adabu: kitanda kikishawekwa, nani atamhudumia mgonjwa? Oksijeni je? Risiti iko wapi? Kuuliza ni kulinda amana.

Ewe Mola, waponye wagonjwa wetu, warehemu waliotangulia, na uzitakabali sadaka zetu. Aamiin.

Wabillahi tawfiq. Mtumie na jirani yako.