Koga Chini ya Godoro: Somo la Mvuke, Chaga na Upepo

Mwezi wa Aprili, masika yanapokuwa yamekolea katika kijiji cha Paje, pwani ya kusini-mashariki ya kisiwa cha Unguja, si ajabu mtu kuinua godoro lake ili afagie uvunguni, akakuta upande wa chini umeota madoadoa meusi yenye harufu ya uvundo. Akitazama kwa makini, mara nyingi ataona kwamba madoa hayo hayakutapakaa ovyo. Yamejipanga mistari mistari, na kila mstari umekaa mahali pale pale ambapo godoro limegusana na chaga, yaani zile mbao nyembamba zinazolazwa kukingama baina ya mifumbati ya kitanda. Kati ya chaga na chaga kitambaa ni safi, au kina madoa machache tu.

Watu wengi husema kwamba godoro limeingia koga kwa sababu ya uchafu, au kwa sababu paa linavuja. Mistari ile inatuambia jambo jingine. Godoro ni moja, chumba ni kimoja, na mlalaji ni yule yule. Kilichotofautiana baina ya mahali penye doa na mahali pasipo doa ni hewa. Makala haya yanakusudia kueleza kwa nini hali huwa hivyo, na jinsi mwanafunzi awezavyo kuitumia fizikia ya darasani kulinda kitanda cha nyumbani au cha dakhalia ya skuli.

Jambo hili si la kupuuzwa. Godoro ni mali inayonunuliwa kwa shida, na koga hulimaliza kabla ya wakati wake. Aidha, mwaka 2009 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu unyevu na koga majumbani, ukieleza kwamba wakaao katika nyumba zenye hali hiyo hupatwa zaidi na kikohozi, kukoroma kwa kifua na pumu. Mtoto alalaye juu ya godoro lenye koga huivuta hewa yake usiku kucha.

Koga ni nini?

Koga ni viumbe vidogo vya jamii ya kuvu. Havina umbijani, kwa hiyo haviwezi kujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea. Huishi kwa kumeng'enya vitu vya asili kama pamba, mbao, vumbi na chembe za ngozi zinazotupukutika kila siku. Aina za Aspergillus, Penicillium na Cladosporium hupatikana mara kwa mara majumbani. Mojawapo ya ukoo wa Penicillium ndiyo iliyomwezesha Alexander Fleming kugundua penisilini mjini London mwaka 1928. Basi si kila koga ni adui, ila mahali pake si kitandani.

Kuvu hizo huzaana kwa spora, ambazo ni vijimbegu vidogo mno vinavyoelea hewani mahali pote. Hakuna awezaye kuzizuia zisiingie chumbani. Ili zimee zinahitaji mambo manne: chakula, oksijeni, joto la kiasi na maji. Pwani ya Unguja ina joto la kutosha mwaka mzima, chakula kimo ndani ya godoro lenyewe, na oksijeni iko kila mahali. Limebaki jambo moja tu tuwezalo kulizuia, nalo ni maji. Wala si lazima maji yadondoke. Unyevuanga, yaani kiasi cha mvuke hewani kikilinganishwa na kile ambacho hewa hiyo ingeweza kubeba, ukikaa juu ya asilimia 80 hivi kwa siku kadhaa penye godoro, spora huanza kumea.

Maji hutoka wapi?

Chanzo cha kwanza ni mlalaji mwenyewe. Mtu mzima hupoteza maji kwa ngozi na kwa pumzi hata asipotoka jasho la kuonekana, kiasi cha mililita 600 hadi 900 kwa siku. Kwa saa 8 za usingizi ni mililita 200 hadi 300. Tuchukulie kwamba mililita 50 tu kati ya hizo huingia godoroni kila usiku na hazipati njia ya kutoka. Baada ya siku 30 godoro litakuwa limemeza lita moja na nusu.

Chanzo cha pili ni hewa yenyewe. Ili tuelewe kazi yake, tutazame kiasi cha juu kabisa cha mvuke kiwezacho kubebwa na mita moja ya ujazo ya hewa:

Nyuzi 20 za Sentigredi: gramu 17.3
Nyuzi 22: gramu 19.4
Nyuzi 24: gramu 21.8
Nyuzi 26: gramu 24.4
Nyuzi 28: gramu 27.2
Nyuzi 30: gramu 30.4
Nyuzi 32: gramu 33.8
Nyuzi 34: gramu 37.6

Kadiri hewa inavyopoa ndivyo uwezo wake wa kubeba mvuke unavyopungua. Tuseme chumba kina nyuzi 28 na unyevuanga wa asilimia 80. Mvuke uliomo ni 27.2 mara 0.80, yaani gramu 21.8. Hewa hiyo ikigusa sakafu ya saruji yenye nyuzi 26, unyevuanga wake hupanda kuwa 21.8 kugawanya kwa 24.4, yaani asilimia 89. Ikigusa kitu chenye nyuzi 24 huwa imeshiba kabisa, na mvuke huanza kugeuka kuwa maji. Hiyo ndiyo halijoto ya umande. Ndiyo maana godoro lililolazwa sakafuni huoza upesi kuliko lililo kitandani, ingawa sakafu yaonekana kavu.

Sasa tumtazame mlalaji. Hewa iliyo karibu na ngozi yake yaweza kufika nyuzi 34. Ikiwa na unyevuanga wa asilimia 65, ina gramu 24.4 za mvuke. Mvuke huo hupenya godoroni na kuelekea upande wa chini ulio baridi zaidi. Alfajiri, upande huo ukiwa na nyuzi 26, hewa hiyo huwa imeshiba. Hivyo maji hayakutoka chini yakapanda kama watu wengi wanavyodhani. Yametoka juu, kwa mlalaji, yakashuka hadi yalipokutana na ubaridi.

Kwa nini mistari?

Mvuke uliofika chini ya godoro una njia mbili. Mahali penye nafasi baina ya chaga, hutoka na kuchukuliwa na hewa ya uvunguni. Mahali penye chaga hukutana na ubao. Ubao hunywa unyevu kidogo, kisha hushiba, na kuanzia hapo godoro na ubao hubaki vimelowana vimegusana. Spora zilizopo hapo zimepata kila kitu. Koga ya mistari ni ramani inayoonyesha mahali hewa iliposhindwa kupita.

Wakulima wa mwani wa Paje, ambako kilimo hicho kilianza mwaka 1989, wanaifahamu kanuni hii kwa kazi ya mikono yao. Mwani ulioanikwa juu ya uchanja hukauka juu na chini, bali uliorundikwa chini hukauka juu tu na kuvunda ndani. Kitanda nacho ni uchanja.

Tulinganishe aina tatu za vitanda. Kitanda cha kamba za usumba, kilichotumika pwani kwa vizazi vingi, hupitisha hewa karibu kila mahali, na usumba wenyewe hauozi upesi. Kitanda kilichofunikwa ubao mzima hakipitishi hewa hata kidogo, na koga yake haina mistari kwa sababu hutapakaa pote. Kitanda cha chaga kiko katikati, na ubora wake hutegemea hesabu ya fundi seremala. Kwa mfano, kitanda chenye urefu wa sentimita 190 kikiwekwa chaga 16 zenye upana wa sentimita 7, mbao zitachukua sentimita 112. Zitabaki sentimita 78 wazi, yaani asilimia 41, na kila nafasi kati ya 17 itakuwa na sentimita 4.6. Huo ni mpango mzuri. Nafasi zikizidi sentimita 7 hivi, godoro la sponji hubonyea na kuharibika upesi.

Chumvi ya baharini

Paje ina jambo la ziada ambalo miji ya bara haina. Upepo wa kusi, uvumao kutoka baharini hasa kati ya Juni na Septemba, huleta matone madogo ya maji ya chumvi. Yakikauka, huacha chumvi juu ya mbao, vitambaa na sakafu. Chumvi ya kawaida ina tabia ya kuvuta mvuke: unyevuanga ukizidi asilimia 75 huanza kuyeyuka yenyewe kwa maji ya hewani. Kila mpishi wa pwani ameiona chumvi ikilowa mkebeni wakati wa masika. Chaga au godoro lenye chumvi halitakauka maadamu hewa imezidi kiwango hicho.

Kutokana na hayo, sakafu inayopigwa deki kwa maji ya kisima ya chumvichumvi hubaki na chumvi na hulowa tena usiku. Hali kadhalika, gunia la mwani mkavu likiwekwa uvunguni huvuta unyevu na kuuweka karibu kabisa na godoro. Kuta za mawe ya matumbawe nazo hunyonya maji ya ardhini, kama utambi wa koroboi unavyonyonya mafuta, na kitanda kilichobanwa ukutani hupata sehemu yake.

Saa ya kufungua dirisha

Yafaa ikumbukwe kwamba kupitisha hewa hakuna faida sawa kwa saa zote. Hewa yenye gramu 21.8 za mvuke ikiwa na nyuzi 24 alfajiri ina unyevuanga wa asilimia 100. Hewa hiyo hiyo, ikiwa na nyuzi 32 adhuhuri, ina asilimia 64 tu. Mvuke haukupungua hata gramu moja, lakini hewa imepata nafasi ya kubeba zaidi. Kwa hiyo wakati bora wa kuinua godoro na kufungua madirisha ni kuanzia saa nne asubuhi hadi saa tisa alasiri siku isiyo na mvua. Godoro lililoachwa nje hadi magharibi huanza kurudisha unyevu lilioutoa.

Mambo ya kufanya

1. Asubuhi usitandike kitanda mara tu unapoamka. Kunja shuka, acha godoro lipumue kwa muda.
2. Mara moja kwa wiki, na mara mbili wakati wa masika, simamisha godoro kwa ubavu adhuhuri, kisha ligeuze.
3. Ondoa mfuko wa nailoni ambao godoro lilinunuliwa nao. Nailoni haipitishi mvuke, na hufanya kazi ile ile ya ubao mzima.
4. Acha uvungu wazi, na kitanda kiwe mbali na ukuta kwa sentimita 10 hivi.
5. Futa chaga kwa kitambaa na maji baridi yasiyo na chumvi, zikauke kabisa kabla ya kurudisha godoro.
6. Godoro la sponji lisikae juani siku nzima kila mara, kwani mionzi ya jua huifanya sponji iwe ya manjano na kumumunyuka. Saa mbili au tatu zatosha.
7. Koga ikiwa juu ya mbao, isugue kwa maji ya sabuni ukiwa umefunga kitambaa puani na mdomoni. Mwenye pumu asiifanye kazi hii. Koga ikiwa imeingia ndani ya sponji, haitatoka kwa kufutwa, na godoro hilo halifai tena kulaliwa.

Jaribio la darasani

Chukua kopo la bati linalong'aa, maji ya kawaida, vipande vya barafu na kipimajoto. Jaza maji nusu ya kopo, kisha ongeza barafu kidogo kidogo huku ukikoroga. Soma kipimajoto mara uonapo ukungu wa kwanza ukitanda nje ya kopo. Hiyo ndiyo halijoto ya umande ya hewa ya darasani. Kwa kutumia orodha iliyotolewa hapo juu, tafuta unyevuanga. Kisha pima halijoto ya sakafu ya bweni alfajiri, na ulinganishe.

Maswali

1. Chumba kina nyuzi 30 na unyevuanga wa asilimia 80. Umande utaanza kwa nyuzi ngapi?
2. Kitanda cha sentimita 190 kina chaga 10 zenye upana wa sentimita 10. Tafuta asilimia ya sehemu iliyo wazi na upana wa kila nafasi. Je, kitafaa kwa godoro la sponji?
3. Kagua vitanda vitano vya dakhalia au vya nyumbani. Chora mahali koga ilipoota, na ueleze hewa ilizuiwa na nini.

Swali la tatu ndilo lenye manufaa zaidi. Mwanafunzi atakayelijibu kwa kuinua godoro lake mwenyewe atakuwa amejifunza somo la mvuke, na huenda pia akajua kwa nini mdogo wake hukohoa usiku.