Somo kwa Wazazi: Mtoto Mwenye Hasira za Ghafula

Katika kila usharika wako wazazi wanaolemewa na jambo ambalo huona haya kulisema. Mtoto wao huamka akicheka. Kabla jua halijapanda amekwisha kubadilika. Akiambiwa neno dogo hujitupa chini, hupiga makelele, huwapiga nduguze. Baada ya kitambo hutaka kupakatwa, kana kwamba hapana neno lililotokea. Jirani husema amedekezwa, na wengine husema ana pepo. Yafaa tuliangalie jambo hili vema, kwa kuwa mtoto akiisha kuitwa mkorofi ni vigumu kumvua jina hilo, naye mwenyewe huanza kuliamini.

1. Hasira hizi hutoka wapi?

Mtoto mdogo hana nguvu ya kujizuia kama mtu mzima. Sehemu ya mbele ya ubongo, itumikayo kupima mambo na kutuliza nafsi, huendelea kukua hata mtu apitapo miaka 20. Tena mtoto wa miaka 2 au 3 ana haja nyingi na maneno machache.

Mwaka 1931 Bibi Florence Goodenough, mwalimu wa Chuo Kikuu cha Minnesota katika Marekani, alitoa kitabu juu ya hasira za watoto wadogo. Aliwaomba wazazi waandike siku kwa siku jinsi mtoto alivyokasirika, saa gani, na kwa sababu gani. Ilionekana ya kuwa hasira huzidi saa ya chakula ikaribiapo, na mtoto achokapo au awapo na ugonjwa, hata mafua tu. Basi mara nyingi lile tuliitalo ukaidi ni njaa au usingizi.

2. Hasira ina mwendo wake

Mwaka 2003 wataalamu Michael Potegal na Richard Davidson walitoa habari za watoto zaidi ya 300, wenye miezi 18 mpaka 60. Waliona kwamba hasira nyingi zilikwisha katika dakika 5 au pungufu. Ghadhabu hupanda upesi hapo mwanzo, kisha hushuka. Huzuni ndiyo ibakiayo, naye mtoto hutafuta kufarijiwa.

Hapa pana fundisho kwetu. Kumhutubia mtoto katika dakika zile ni kazi bure, kwa kuwa hasikii. Kumpiga humwonyesha kwamba mwenye nguvu akikasirika hupiga. Na kumpa kile alicholilia humfundisha kwamba makelele ndiyo njia ya kupata.

3. Yatupasayo kufanya

Kwanza, mzazi atulize moyo wake mwenyewe. Awasogeze wadogo, aondoe kisu na vitu vya moto, akae karibu, aseme maneno machache kwa sauti ya chini: “Mwanangu, naona umekasirika. Sitakuacha umwumize mdogo wako.”

Pili, lililokatazwa libaki limekatazwa, lakini bila matusi.

Tatu, hasira ikiisha, ampokee. Ndipo amsaidie kutaja lililokuwa moyoni: wivu, hofu, au aibu. Kisha mtoto akusanye alivyovitupa, na kumpoza aliyempiga. Wazee husema, “Samaki mkunje angali mbichi.” Wako watumiao methali hii kutetea fimbo, lakini kukunja si kuvunja, na samaki hakunjwi akiwa juu ya moto.

Nne, siku mtoto ajizuiapo, asifiwe waziwazi.

Tano, kwa majuma 2 wazazi waandike katika daftari: saa ya hasira, kilichotangulia, mtoto alikula na kulala lini, nao walifanya nini. Asiyejua kuandika amwombe mwalimu wa usharika. Wengi wataona kwamba hasira zina saa zake, na ya kuwa uji uliopikwa mapema hufanya kazi ambayo fimbo haikuweza.

4. Lini twende hospitali?

Mtoto aliyekuwa mpole akibadilika katika siku chache, tusikimbilie kumlaumu. Huenda ana homa, au sikio lamwuma, au hasikii vema. Huenda ana msiba, au yuko mtu amtendaye vibaya kwa siri. Aulizwe kwa upole, faraghani. Aangukaye na kupotewa na fahamu huenda ana kifafa, ambacho kina dawa. Asifungwe wala asifichwe.

Mwaka 2013 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliweka kipimo kwa watoto wa miaka 6 na zaidi: hasira kali mara 3 au zaidi kila juma, kwa muda wa mwaka, na kati ya hasira hizo uchungu wa moyo karibu kila siku. Mtoto wa namna hii ana ugonjwa, wala si mbaya. Lakini mzazi asingoje mwaka upite. Aonapo mtoto anajiumiza au kuumiza wengine, ampeleke kwa daktari mapema.

Maswali ya kuzungumza

1. Katika nyumba zetu, ni saa gani watoto hukasirika zaidi, na kwa nini?
2. Tufanyeje mzazi mwenyewe akiwa na hasira kuliko mtoto?
3. Ni mtoto gani kati yetu aliyepewa jina baya, nasi twawezaje kumwondolea?