Pikipiki Iliyolala Stoo: Fundi Anajibu

Karatu na vijiji vyake havikosi pikipiki zilizolala. Zipo Honda na Yamaha za mabwana shamba, za wamisionari na za miradi iliyofungwa zamani. Zipo za Kichina zilizoegeshwa siku mwenyewe alipohama, alipougua au alipofariki. Bei ya mpya ikipanda, watu huzikumbuka na kuanza kuziulizia. Maswali yaliyomo humu ndiyo yanayoletwa gerejini na wanunuzi, na nimeyaacha kwa namna wanavyouliza.

Fundi, shikamoo. Nimeonyeshwa Honda XL 125 huko Rhotia, imelala stoo ya mahindi zaidi ya miaka kumi. Mwenyewe anasema ni kuweka petroli tu inawaka. Nimwamini?

Marahaba. Kama ni kuweka petroli tu, kwa nini hajaiweka? Pikipiki inayowaka ana uwezo wa kuiuza mara mbili ya bei anayokutajia. Kwa hiyo mpe bei ya pikipiki isiyowaka, na maneno yake yabaki kuwa maneno.

Ukienda, beba tochi na spana ya plagi. Usikubali mtu aipige kiki kabla hujaikagua. Toa plagi, ishike kiki kwa mkono, isukume chini taratibu. Ikishuka laini, injini haijakamata. Kisha ziba tundu la plagi kwa dole gumba, mwambie mwenzako apige kiki mara moja: dole likisukumwa kwa nguvu, kompresheni ipo. Mulika ndani ya tangi. Chomoa kijiti cha kupimia oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiwa na maji. Mwisho piga magoti, uangalie fremu chini ya shingo na pale mkono wa nyuma unapofungwa. Weldingi ya mtaani sehemu hizo mbili inatosha kukurudisha nyumbani mikono mitupu.

Na kwa kuwa imekaa na mahindi, fungua boksi la eakilina. Panya wa stoo hupenda humo: utakuta maganda, vitambaa na mkojo uliokwisha kula chujio. Ikiwashwa hivyo, uchafu wote unavutwa kwenye silinda.

Yangu kiki haishuki kabisa. Ndiyo basi tena?

Hapana, ila hapa ndipo wenye haraka huharibu mali. Watu wawili wakipanda juu ya kiki iliyogoma, kinachovunjika ni meno ya gia ya kiki, nawe unabaki na magonjwa mawili.

Injini iliyogoma kwa kulala huwa imeshikwa na kutu kati ya ringi na ukuta wa silinda. Karatu tuko kwenye mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, na miezi ya Juni hadi Agosti ukungu unashuka hadi mlangoni. Chuma kinapoa usiku, mchana kinapata joto, na unyevu unaingia kupitia ekzosi na valvu iliyobaki wazi. Hauhitaji mvua.

Changanya oili na mafuta ya taa nusu kwa nusu, mimina vijiko vitatu au vinne kwenye tundu la plagi, funika, uende zako. Kesho ongeza kidogo. Siku ya tatu au ya nne weka gia ya juu kabisa, shika tairi la nyuma, litikise mbele na nyuma kwa mkono tu. Unatafuta kusogea kwa upana wa ukucha. Likisogea umeshinda, endelea polepole hadi pistoni izunguke. Lisiposogea baada ya wiki, shusha hedi. Mara nyingi utaona mstari mwekundu wa kutu umezunguka silinda pale ringi zilipokaa. Ukipitisha ukucha ukakwama kwenye mstari ule, silinda ipelekwe kwa fundi wa mashine itanuliwe na ifungwe pistoni ya saizi inayofuata; huwa zinapanda kwa milimita 0.25. Msasa hautaondoa shimo la kutu, hata fundi akuapie.

Ikishakuwa huru, mwaga oili yote ya zamani, osha chujio la wavu chini ya injini, weka oili mpya ya pikipiki. Tia kijiko cha oili kwenye silinda na upige kiki mara kadhaa plagi ikiwa nje, ili oili ipande hadi juu kabla ya moto wa kwanza. Ikishawaka, iache iungurume hadi ipate moto, kisha mwaga hiyo oili nayo. Utaona mwenyewe kilichotoka.

Plagi inatoa moto mzuri, petroli mpya, lakini inawaka choki ikiwa imevutwa tu. Nikiirudisha inazima.

Jeti ndogo imeziba, na sihitaji hata kuiona pikipiki yenyewe.

Petroli iliyoachwa kwenye kabureta haitulii. Sehemu nyepesi hupaa, kinachobaki kinageuka utomvu wa kahawia, mara nyingine wa kijani, wenye harufu ya vanishi. Fungua bakuli la kabureta utaukuta umeganda chini. Kuufuta bakulini si kazi. Kazi iko kwenye tundu la jeti ndogo, ambalo ni jembamba kama unywele. Fungua jeti zote mbili, ziloweke kwenye petroli safi usiku kucha, kisha toboa kwa uzi mmoja wa shaba uliochomolewa kwenye waya wa umeme. Shaba ni laini. Sindano ya kushonea na waya wa breki hupanua tundu, na ukishalipanua hakuna marekebisho yatakayoirudisha: itakunywa mafuta hadi ufe. Inyooshe jeti kuelekea mwanga. Usipoona duara safi, rudia.

Puliza na njia za ndani ya mwili wa kabureta, zile zisizoonekana. Pikipiki nyingi zinazotajwa kuwa "zimekufa moto" zilikufa njia hizo.

Tangi lina kutu nyingi. Mafundi wengine wanalikata na kulichomea.

Kaa mbali na moto wowote karibu na tangi. Mvuke wa petroli hubaki humo hata miaka mingi baadaye, na tangi kavu lina hatari kuliko lililojaa.

Litoe kwenye pikipiki, toa koki, ziba tundu. Tia kokoto kavu kiasi cha vikombe viwili pamoja na maji ya sabuni, tikisa hadi mikono ichoke, mwaga, rudia. Baadaye jaza siki, liache siku mbili. Siki inakula kutu lakini ikiachwa inaendelea kula chuma, ndiyo maana unasuuza kwa maji yenye magadi soda ya dukani. Wapo wanaotumia magadi ya kuokotwa ziwani, Eyasi au Natron, kwa kuwa ni ya bure. Yana chumvi, na chumvi huleta kutu palepale. Likaushe juani siku hiyohiyo, zungushia oili kidogo ndani, kisha funga chujio la bei ndogo kwenye mpira wa mafuta. Mipira yenyewe badilisha yote. Ya zamani ukiikunja inapasuka.

Yamaha DT nayo ni hivyohivyo?

Karibu, isipokuwa DT haina valvu na inajilainisha kwa oili inayochanganyika na petroli. Pampu ya oili iliyolala miaka usiiamini. Tangi la kwanza changanya mwenyewe, mililita 40 za oili ya two-stroke kwa kila lita ya petroli, na uangalie kama kiwango kwenye kibuyu cha oili kinashuka. Moshi utakuwa mwingi. Majirani wavumilie.

Nimeiwekea betri mpya, indiketa zote zimeungua.

XL na DT nyingi za zamani, na CG za mwanzo, ni za volti 6. Umeweka betri ya volti 12. Soma maandishi kwenye balbu kabla hujanunua chochote. Betri ya volti 6 ni ya kuagiza Arusha, lakini kwa shughuli za shamba pikipiki hizi huwaka kwa kiki hata betri ikiwa imekufa.

Nasikia injini za zamani zilitaka petroli yenye risasi.

Petroli ya risasi iliondoka Afrika iliyo kusini mwa Sahara kufikia Januari 2006. Honda hizi zina hedi za aluminiamu zenye viti vya valvu vya chuma kigumu, na DT haina valvu. Hazidhuriki.

Spea je? Sitaki pikipiki ya kwenda kuhangaikia Nairobi.

Basi tafuta Honda CG 125. Honda waliitoa katikati ya miaka ya 1970 wakiwa na watumiaji wa nchi kama zetu akilini, watu wanaobeba mizigo na kubadilisha oili wakikumbuka. Hawakuiwekea cheni ya ndani ya kuzungusha kamshafti. Valvu zinasukumwa kwa vijiti. Wachina waliinakili, na nakala hizo ndizo zilizojaza vijiwe vya bodaboda kabla ya pikipiki za Boxer kutawala. Ukiona injini ya Kichina imeandikwa 156FMI, huyo ni ndugu yake: 1 ni silinda moja, 56 ni kipenyo cha silinda kwa milimita. Pistoni, gasketi, klachi na kabureta za ukoo huo zipo Karatu mjini, na nyingi zinaingia kwenye Honda ya zamani, ingawa ubora si ule. Tapeti za CG ni milimita 0.08, injini ikiwa ya baridi.

XL ni injini nyingine, na Boxer ni ukoo tofauti kabisa. Asikudanganye mtu kwamba "125 zote ni moja."

Mzee aliyekuwa nayo alifariki. Watoto wananiuzia, kadi ina jina la marehemu. Na nyingine niliyoona ina namba za DFP.

Mimi injini hainiogopeshi. Kadi ndiyo inayoniogopesha.

Mali ya marehemu huuzwa na msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama. Mtoto mkubwa, hata akiwa na kadi mkononi na ndugu wote wamekubali, siye mpaka awe na barua ya uteuzi huo. Kwa mali ya kiasi hiki Mahakama ya Mwanzo inatosha, na kwa kawaida hutakiwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Mwambieni msimamizi asaini mkataba wa mauziano mbele ya wakili, nyote wawili muwe na TIN, ndipo muende TRA kuhamisha umiliki na kulipa ada na ushuru wa stempu. Kabla ya hapo linganisha namba ya chesisi kwenye shingo ya fremu na namba ya injini, zote mbili, na zilizoandikwa kwenye kadi. Futa uchafu usome kila tarakimu. Namba iliyogongwa juu ya nyingine ni ya kukimbia.

Ada ya kila mwaka ya barabara ilifutwa mwaka 2017 na kuhamishiwa kwenye bei ya mafuta, kwa hiyo anayekuambia uendelee kuilipa kila mwaka anakuibia. Faini za trafiki ni suala jingine: zinafuata namba ya usajili, zikague kwanza.

Namba za DFP zilikuwa za miradi ya wafadhili, na vyombo hivyo viliingia nchini kwa msamaha wa kodi. Kikihamia kwa mtu binafsi, kodi inadaiwa. Kama muuzaji hana karatasi ya kuonyesha kwamba mradi ulikitoa kihalali na kodi imelipwa, mshukuru kwa chai uondoke.

Imewaka! Naweza kwenda nayo Mang'ola kesho?

Kesho ni mapema, mdogo wangu. Soma pembeni ya tairi: tarakimu nne za mwisho ni wiki na mwaka wa kutengenezwa, 2309 ikiwa wiki ya 23 ya mwaka 2009. Tairi hilo linaweza kuwa na kashata nzima na bado likapasuka. Fungua magurudumu, safisha breki. Kitambaa cha breki kilicholala huachana na kiatu chake, na kikiachana ukiwa njiani gurudumu linakaza ghafla. Kutoka hapa kushuka Mang'ola, bonde la Eyasi, unapoteza mita 400 hivi, ukiwa na breki za dramu na pengine gunia la vitunguu wakati wa kurudi. Kwanza izoee hapa mjini, ukikaza nati jioni. Na usipange kupita lango la Lodoare, la kuingilia Ngorongoro, na pikipiki. Watu wa Wasso na Loliondo huzungukia Mto wa Mbu, Engaruka na Ngare Sero.

Kwa hiyo fundi, ninunue ya zamani au nikope Boxer mpya?

Kama ni kwa bodaboda, kopa mpya. Abiria hasubiri jeti izibuliwe, na mapato ya kila siku hayataki chombo cha majaribio. Kama ni ya shamba, ya kwenda mnadani na kanisani, CG yenye kadi safi na fremu nzima ni ununuzi mzuri hata ikiwa imekufa, mradi umetenga fedha za matairi mawili, cheni na sproketi, breki, betri na bima kabla hujamlipa muuzaji. XL au DT nunua ukiwa na fundi anayeijua na uvumilivu wa kusubiri spea. Isiyo na kadi usinunue, hata ikiwaka kwa kiki ya kwanza.