Mtoto akinywa mafuta ya taa, usimtapishe

*Daktari, mimi ni mama wa watoto watatu, ninaishi Rongo, Kaunti ya Migori, na ninauza nguo za mitumba. Julai 2021, wakati wa kafyu ya mapema ya korona, soko lilikuwa limefungwa na yaya nilikuwa nimemwachilia, kwa hivyo kitinda mimba wangu alikuwa kwa nyanya yake upande wa Ndhiwa, Kaunti ya Homa Bay. Alikuwa na mwaka mmoja na nusu. Jioni moja akachukua chupa ya soda iliyotiwa mafuta ya taa, akanywa. Nyanya akamnywesha maziwa, jirani akamtia kidole kooni mpaka akatapika. Saa ya kafyu ilikuwa imepita, na watu wa bodaboda waliogopa kutoka. Alifikishwa hospitalini usiku akihema kwa shida, akawekewa oksijeni, akalazwa siku kadhaa. Alipona na sasa yuko chekechea, lakini kila akikohoa mimi silali. Je, mapafu yake yaliharibika? Na maziwa yalimsaidia au yalimdhuru? Mume wangu hajakubali mtoto alale kwa mama yake tangu siku hiyo. — Mama asiyelala, Rongo*

Mama, nianze na mapafu, maana ndiyo yanayokunyima usingizi. Mtoto aliyekunywa mafuta ya taa, akatatizika kupumua, akatibiwa na kutoka hospitalini akipumua vizuri, kwa kawaida hupona kabisa. Picha ya eksirei inaweza kubaki na madoa kwa wiki kadhaa huku mwenyewe anacheza, na madoa hayo yamewatisha wazazi wengi bure. Wako wachache ambao vipimo vya miaka ya baadaye huonyesha kwamba vijia vidogo vya hewa havijarudi sawasawa, ila hata hao mara nyingi hawana dalili yoyote. Kwa hiyo mtoto anayekimbizana na wenzake bila kukatika pumzi, anayekula na kuongeza uzito, hahitaji kupelekwa hospitalini kila anapokohoa. Watoto wa chekechea hushikwa na mafua mara sita hadi nane kwa mwaka, na kila mafua huja na kikohozi chake.

Kuna vikohozi ambavyo mimi nisingevingojea. Kikipita wiki mbili, apimwe, na usishtuke ukiulizwa habari za kifua kikuu. Huo ni utaratibu wa kila kituo cha afya nchini wala hauhusiani na mafuta. Kikija na mluzi kifuani, au kikimwamsha usiku mara kwa mara ilhali hana mafua, huenda ni pumu, nayo ina dawa. Na mtoto aliyetimiza mwaka lakini hajafika mitano akivuta pumzi mara 40 au zaidi kwa dakika, au mbavu zake zikiingia ndani kila anapovuta hewa, mpeleke siku hiyo hiyo. Mhesabie dakika nzima kwa saa ya simu akiwa ametulia. Ukimhesabia analia, hesabu haina maana.

Sasa maziwa. Hayakumsaidia. Watu wengi, na si wa Ndhiwa peke yao, huamini kwamba sumu yoyote huua kwa kupitia tumboni, hivyo dawa yake ni kuizimua au kuitoa. Mafuta ya taa hayafuati njia hiyo. Tumbo huyanyonya kidogo sana. Ubaya wake ni wepesi wake: ni majimaji yanayoteleza na kutambaa haraka kuliko maji, na mtoto akipaliwa, matone machache huingia kwenye koo la hewa na kusambaa mapafuni. Huko huharibu ute unaovifanya vifuko vya hewa vikae wazi. Vifuko vinasinyaa, mapafu yanavimba ndani, na mtoto anaanza kuhema. Chini ya mililita moja yatosha kuleta shida hiyo, wakati funda moja tu la mtoto wa umri ule linakaribia kijiko kidogo cha chai.

Ukishaelewa hilo, utaona kwa nini kidole kooni ni hatari. Mafuta yaliyokwisha kutua tumboni, ambako yangepita bila makuu, yanarudishwa juu na kupitishwa tena mlangoni pa koo la hewa. Maziwa nayo hujaza tumbo na kumfanya mtoto atapike upesi zaidi. Lakini nisingependa jirani yenu abebeshwe mzigo wote. Mara nyingi mafuta huingia mapafuni pale pale mtoto anapopaliwa na funda la kwanza, kabla mtu mzima hajafika. Wala imani ya kutapisha haikuanzia vijijini kwetu. Hadi mwaka 2003, madaktari wa watoto wa Marekani walikuwa wakiwashauri wazazi waweke nyumbani dawa maalumu ya kutapisha, ndipo chama chao kikabadili msimamo. Mafuta ya taa yalikuwa yamekatazwa kutapishwa hata wakati huo, lakini nani angemweleza hayo nyanya wa Ndhiwa?

Kinachofaa kufanywa ni kidogo, na pengine ndiyo sababu watu hawakiamini. Mwondolee chupa, mfute mdomo. Mvue nguo zilizolowa, maana mafuta huunguza ngozi na mvuke wake huendelea kuvutwa puani, kisha mwoshe kwa maji na sabuni. Usimpe maziwa, mafuta ya kupikia, mayai mabichi wala maji ya chumvi. Mbebe akiwa wima. Akilegea na kupoteza fahamu, mlaze ubavu. Nenda na ile chupa hospitalini ili daktari ajue hasa alichokunywa, kwa sababu dawa ya kunyunyizia mimea nayo hukaa kwenye chupa za soda, na matibabu yake ni tofauti kabisa.

Nenda hata kama haonyeshi dalili. Wengi wanaopata shida huanza kukohoa au kuhema ndani ya saa sita, na mtoto aliyemaliza saa hizo akiwa mzima, hapumui haraka na hana homa, huruhusiwa kurudi nyumbani. Hospitalini usidai aoshwe tumbo. Hilo nalo linaweza kupeleka mafuta mapafuni. Dawa kubwa ni oksijeni na jicho la muuguzi. Dawa za kuua bakteria si za kila mtoto, na asiyeandikiwa hajapuuzwa.

Saa sita hizo ndizo zilizowabana Julai 2021. Tarehe 17 Juni Waziri wa Afya wa wakati huo, Mutahi Kagwe, alitangaza kwamba kaunti 13 za eneo la ziwa na jirani zake, Migori na Homa Bay zikiwemo, zingekuwa na kafyu kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, hadi mwisho wa Julai, huku sehemu nyingine za nchi zikibaki na saa nne usiku. Masoko yasiyo ya chakula wala mifugo yalifungwa kwa siku 30. Kirusi cha Delta kilikuwa kinajaza wodi, na sitasema hatua hizo hazikuwa na sababu. Ila ukitazama kisa chako utaona zilivyomfikia mtoto ambaye hakuwa na korona: mitumba haiuziki, yaya ameondoka, mtoto amepelekwa kwa mzee anayemlea peke yake, na giza linapoingia hakuna gari barabarani.

Zahanati nyingi za vijijini hufunga jioni, kafyu iwepo isiwepo. Kutoka ndani ndani ya Ndhiwa mpaka hospitali yenye oksijeni ni safari, na usiku safari hiyo ni ya bodaboda. Kwenye karatasi, ambulensi na wahudumu wa afya waliruhusiwa kupita. Lakini tangu Machi 2020, kafyu ilipoanza, watu walikuwa wamesikia habari ya mwendesha bodaboda wa Kwale aliyefariki baada ya kumpeleka mama mjamzito hospitalini. Familia yake ilisema alipigwa na polisi njiani akirudi. Siwalaumu waliokataa kuwasha pikipiki usiku ule.

Chupa ya soda nayo ina historia yake. Katika eneo hili mafuta ya taa hununuliwa kidogo kidogo, kwa kipimo, na mnunuzi huja na chombo chake, ambacho karibu kila mara ni chupa ya kinywaji. Ukanda wa ziwa, kutoka Muhuru na Sori hadi Mbita, mafuta yalikuwa hayakosekani nyumbani kwa sababu omena huvuliwa usiku wa giza kwa mwanga wa karabai. Taa za sola zimepunguza hali hiyo, lakini koroboi na stovu bado ziko katika nyumba nyingi. Mtoto wa mwaka mmoja na nusu haoni mafuta. Anaona chupa ya soda aliyoizoea, na ndani yake kitu kinachofanana na maji. Afrika Kusini kulifanywa utafiti, ukachapishwa mwaka 1994: familia ziligawiwa vyombo vya mafuta ambavyo mtoto hawezi kufungua vifuniko vyake, na visa vya watoto kunywa mafuta vikapungua karibu nusu. Sijasikia mahubiri kwa akina mama yakifikisha matokeo kama hayo, nami ningependa serikali za kaunti zetu zilisikie hilo.

Niongeze jambo dogo kwa wasomaji wengine. Korona ilituachia Jik na sanitaiza ndani ya nyumba, nyingine zikiuzwa kwa kumiminwa katika chupa zozote. Jik nayo haitapishwi, kwa kuwa huunguza koo ikishuka na ikirudi. Sanitaiza ina pombe kali kuliko chang'aa, na kwa mtoto mdogo huweza kushusha sukari mwilini hadi akazimia.

Sasa nikugeukie wewe. Mzazi kukosa usingizi kwa wiki chache baada ya tukio kama hilo ni jambo la kawaida. Lakini miaka imepita, na bado kikohozi kinakurudisha katika usiku ule. Hiyo ni hali inayojulikana kitabibu na inatibika, mara nyingi kwa mazungumzo yaliyopangwa na mshauri, si kwa vidonge vya usingizi. Uliza mshauri katika hospitali ya kaunti, Migori au Homa Bay, na mweleze moja kwa moja kwamba shida ilianza siku mtoto alipokunywa mafuta. Ukisema tu kwamba hulali, utaandikiwa vidonge.

Na mume wako, naomba umsomee hapa. Ndugu yangu, mama yako alifanya alichojua, usiku ambao hakukuwa na wa kumuuliza. Mafuta yale yangeweza kuwa kwenye chupa ya soda nyumbani kwako Rongo. Kabla ya kusoma hili, je, mlikuwa mmeyaweka wapi? Mtoto wako amepita umri ambao ajali hii hutokea zaidi, yaani kati ya mwaka mmoja na mitatu, ingawa huenda wako binamu zake wadogo wanaotambaa katika boma lile lile. Likizo ijayo mpelekee mama dumu dogo lenye mfuniko wa kukaza, tena la rangi isiyofanana na ya kinywaji chochote. Pigilia rafu ukutani kwake, juu ya usawa wa kichwa chako, wala usiiweke juu ya kiti au sanduku ambalo mtoto anaweza kupanda. Mkimaliza, mtoto alale huko.